Kipicha cha Utambulisho: Somo la Picha na Kompyuta katika Shule ya Msingi

Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza walimu wanafunzi namna ya kuendesha somo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la anasa, yaani kumwongoza mtoto wa shule ya msingi atengeneze kwa kompyuta kipicha kidogo chenye mapambo, kitakachosimama badala ya uso wake. Ndicho kile kionekanacho ndani ya kiduara kando ya jina la mtu katika simu, na ambacho wenye kazi ya kompyuta hukiita avata. Neno hilo lina asili ya Kisanskriti, na maana yake ya kwanza ni kushuka, hasa kushuka kwa mungu duniani akiwa katika umbo jingine. Watengenezaji wa michezo ya kompyuta walilichukua katika miaka ya 1980. Sisi tutasema kipicha cha utambulisho, maana mtoto wa darasa la tano huielewa kauli hiyo pasipo kufafanuliwa.

Somo lenyewe tulilisimamia wakati wa mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya msingi iliyoko kata ya Mwamapalala, wilaya ya Itilima. Wasomaji wa umri mkubwa wataikumbuka Mwamapalala kuwa sehemu ya wilaya ya Bariadi, mkoani Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na Itilima ikawa wilaya yake. Ni nchi ya pamba, dengu, choroko na ng'ombe, na udongo wake wa mbugani ni mweusi, jambo ambalo msomaji ataona baadaye kwamba lilitufaa sana. Vifaa vyetu vilikuwa kompyuta mpakato moja, mali ya mkufunzi, na vishikwambi viwili vya walimu wa shule, vya aina ile iliyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 na baadaye kugawiwa walimu. Darasani mlikuwa na watoto 64. Twayataja haya mapema ili mwalimu mwanafunzi asiyaache makala haya kwa kudhani kwamba yanahusu shule zenye chumba cha kompyuta.

Somo lililoharibika

Mara ya kwanza somo liliharibika, na yafaa tueleze lilivyoharibika kabla ya kueleza lilivyotengenea.

Mwalimu mwanafunzi wetu alikuwa kijana mwenye bidii, na andalio lake la somo lilikuwa safi. Hata hivyo, alianzia kwenye mashine. Alimwita mtoto mmoja wa kike, akamsimamisha nje mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, jua la saa tano likiwaka, akampiga picha kwa kishikwambi. Uso ukatoka mweusi tii, macho hayaonekani. Ili kuurekebisha, alibonyeza kile kitufe cha kurembesha kilichomo katika programu nyingi za picha za simu. Mara ngozi ikawa nyeupe yenye umanjano, pua ikapungua, mashavu yakawa laini kama ya mwanasesere. Watoto wakashangilia. Yule mtoto aliitazama picha kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, huyu si mimi." Mwalimu akamjibu kwa upole kabisa, "Ni wewe, ila sasa umependeza."

Hatuna budi kukiri kwamba sisi tuliokaa nyuma ya darasa tulikuwa tumekwisha kuandika katika fomu ya tathmini kuwa watoto wamechangamka na zana imetumika vizuri. Tulikuja kuyafuta maneno hayo jioni. Jibu lile, ingawa lilitolewa kwa nia njema, lilimfundisha mtoto jambo lisilokuwamo katika muhtasari wowote wa masomo: kwamba akipendeza si yeye, na akiwa yeye hapendezi. Wala hakuwa peke yake aliyefundishwa. Wenzake 63 walikuwa wakitazama.

Tulipozungumza naye baada ya kipindi, mwalimu mwanafunzi aliuliza swali la haki: angefanyaje, nayo picha ilikuwa nyeusi? Basi ni wajibu wetu kueleza sababu ya weusi ule, kwani mwalimu asiyeijua ataendelea kukikimbilia kitufe.

Kamera haijui kwamba inatazama uso. Kwa kawaida hupima mwanga wote ulioingia na kuutafutia wastani. Ukuta wa chokaa ukipigwa na jua hutoa mwanga mwingi mno. Kamera, kwa kuogopa mwanga huo, hujibana, na uso ulio mbele ya ukuta ndio unaolipa deni. Mtu mweupe akisimama pale pale atatiwa giza pia, lakini uso wenye ngozi nyeusi ndio unaopoteza macho na midomo kwa haraka zaidi. Kuna na sababu ya kihistoria. Tangu miaka ya 1950 na kwa muda mrefu baadaye, maabara za kusafisha picha za rangi zilikuwa zikipata kutoka kampuni ya Kodak kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, ambayo mafundi waliizoea kwa jina la kadi ya Shirley. Ngozi ya mwanamke huyo ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Ngozi nyingine zilifuata zilivyoweza. Kamera za leo hazitumii filamu ile, na watengenezaji wa simu wameanza kulishughulikia jambo hili, lakini vitufe vya kurembesha vingali vikiielewa ngozi nzuri kuwa ni ngozi iliyong'arishwa.

Dawa yake haina gharama. Mtoto na asimame kivulini, chini ya mwembe au ukumbini mwa darasa, akielekea upande ulio wazi wenye mwanga wa anga, na nyuma yake uwepo ukuta wa matofali ya udongo au kitu kingine kisichong'aa. Ikiwa picha ingali na giza, programu nzuri ya kuhariri picha inayo amri ya kurekebisha ngazi za mwanga, ambayo huonyesha mchoro wenye vilima kuanzia 0, yaani nyeusi kabisa, hadi 255, yaani nyeupe kabisa. Chini ya mchoro kuna vipembe vitatu. Kile cha katikati kikisogezwa kidogo upande wa kushoto, mwanga wa kati hupanda, macho yakaonekana, na weusi wa ngozi ukabaki kuwa weusi. Tofauti kati ya kuupa uso mwanga na kuubadili rangi mwalimu hana budi kuijua kwa macho yake mwenyewe kabla hajaingia darasani.

Kwa nini tuliacha nyuso

Baada ya maelezo hayo mwalimu mwanafunzi alitaka kulirudia somo kwa picha zilizopigwa vizuri. Tulimzuia, na sababu yetu ilikuwa nyingine.

Katika darasa lile alikuwamo mtoto mwenye ualbino. Kanda ya Ziwa haijasahau, wala haifai isahau, mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa nchi hasa tangu mwaka 2007; na mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino aliuawa mkoani Kagera. Sasa tufikiri: picha za watoto 64, kila moja na jina lake, zimo ndani ya kishikwambi cha mwalimu. Mwalimu kwa furaha anazituma katika kundi la WhatsApp la wazazi, mzazi mmoja anazituma kwa ndugu zake, na kabla ya magharibi sura ya mtoto yule, jina lake na shule asomayo vimefika kwa watu ambao hakuna amjuaye. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini picha ikishatoka mkononi hairudi.

Zipo sheria zinazomhusu mwalimu hapa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, imeweka masharti juu ya kukusanya na kutumia taarifa za watu, zikiwamo za watoto. Hata hivyo, tusingependa mwalimu aache kutuma picha kwa kuogopa sheria tu.

Kulikuwa na njia rahisi, ambayo walimu wengi wangeifuata: kumwondoa mtoto yule mmoja na kuwapiga picha waliosalia. Njia hiyo tuliikataa. Mtoto anayetengwa na darasa kwa ajili ya usalama wake bado ametengwa, na wenzake wataiona sababu. Tuliamua kwamba darasa zima litaacha nyuso. Kila mtoto atachagua alama moja ya kumsimamia, ataipamba, na hiyo ndiyo itakuwa kipicha chake. Hivyo kazi ambayo ingekuwa ya kujificha kwa mmoja ikawa ya kujichagulia kwa wote. Msomaji atambue kwamba uamuzi huu ulifanywa kwa dakika chache, ukutani mwa darasa, na mwalimu mwanafunzi ndiye aliyelitamka neno "wote" kabla yetu.

Kuchagua alama

Vipindi viwili vya kwanza havikutumia kompyuta hata kidogo, na twashauri kila mwalimu afanye vivyo hivyo.

Tulianza na sarafu. Mwalimu alipitisha darasani sarafu ya shilingi 50 yenye faru, ya 100 yenye swala, ya 200 yenye simba na ya 500 yenye nyati, akawauliza watoto walimtambuaje mnyama aliye mdogo kuliko ukucha. Majibu yalikuja kwa haraka: nyati ni pembe zake, faru ni pembe ya puani. Mtoto mmoja alisema kwamba swala si swala ila miguu. Hapo ndipo penye kiini cha somo. Picha ndogo haiwezi kubeba mambo yote. Hubeba jambo moja au mawili ambayo bila hayo kitu si kitu hicho, na mengine hayana budi kuachwa. Mwalimu akilipata jibu hilo kutoka kwa watoto wenyewe, asiongeze hotuba.

Kisha tulitaja, kwa maneno machache, kazi ya Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora huko Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972. Alichora juu ya vibao vya mraba kwa rangi zing'aazo za mafuta: mnyama mmoja, mstari wa pembeni ulio dhahiri, nyuma yake rangi isiyo na mambo mengi. Hatukuwa na kibao chake, tulikuwa na nakala iliyochapwa kwenye kalenda ya zamani, nayo ilitosha. Na kwa kuwa tulikuwa Usukumani, tuliwaeleza juu ya Makumbusho ya Bujora huko Kisesa, Mwanza, ambako kuna jengo lililopewa umbo la kiti cha mtemi: humwoni mtu yeyote katika umbo hilo, nawe wajua ni nani anayetajwa.

Baada ya hapo kila mtoto aliandika katika daftari vitu vitatu ambavyo mtu wa nyumbani kwao akiviona atamkumbuka yeye. Halafu alifuta viwili. Kufuta ndiko kulikochukua muda mrefu, na mwalimu asiwaharakishe. Palipatikana pembe za ng'ombe, baiskeli, jembe, tumba la pamba lililopasuka, mbuyu, kibuyu cha maziwa, na mpira wa makaratasi uliofungwa kamba. Wavulana wawili karibu wapigane, kwa kuwa mmoja alitaka alama ya kundi la ngoma la mjomba wake, naye ni wa Bagika, na wa pili kwao ni Bagalu. Ushindani wa makundi hayo ni wa tangu zamani, na shule haiwezi kuumaliza kwa kipindi cha dakika 40. Mwalimu aliwaruhusu wote wawili wachore ngoma, kila mmoja na yake. Mtoto mwenye ualbino alichagua kinyonga. Hatukumwuliza sababu. Yule wa kike aliyesema "huyu si mimi" alichagua ndoo.

Miraba ya majivu

Neno pikseli lina maana ya chembe moja ya picha ya kompyuta, yaani kijiraba kimoja chenye rangi moja tu. Walimu wengi hulieleza kwa mdomo na kuendelea. Sisi tulilichora ardhini. Chini ya mwembe, kivulini, tulipiga mistari juu ya udongo mweusi, tukapata miraba 16 kwa 16, kila mmoja na upana wa kiasi cha sentimita 10. Jumla miraba 256. Watoto walileta majivu jikoni kwao. Kila kundi la watoto 8 lilipewa safu mbili, kwa hiyo miraba 32, na karatasi yenye kuonyesha ni miraba ipi ya kujazwa majivu na ipi ya kuachwa. Hakuna kundi lililojua picha nzima ni ya nini. Walipomaliza, mmoja baada ya mwingine alipanda juu ya dawati lililotolewa nje, akatazama chini, na aliyepanda wa nne ndiye aliyepiga kelele kwamba ni kichwa cha ng'ombe.

Tulichagua kivuli na majivu kwa makusudi. Watu wenye ualbino aghalabu hawaoni mbali, na mwanga mkali huwaumiza macho. Nyeupe juu ya nyeusi, karibu na miguu, kivulini, ni zana ambayo mtoto yule aliiona sawa na wenzake. Mwalimu akitayarisha zana kwa ajili ya anayeona kwa shida, mara nyingi ataona kwamba darasa zima limefaidika.

Tusidhani kwamba kazi ya namna hii ni ya shule maskini tu. Susan Kare, msanii aliyechora ikoni za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, alianza kwa daftari lenye miraba, kila ikoni miraba 32 kwa 32, kalamu mkononi. Watoto wetu walipohamia kwenye daftari la hesabu lenye miraba walifuata njia hiyo hiyo.

Kazi ya kompyuta

Programu tuliyotumia ni GIMP, iliyoanzishwa na Spencer Kimball na Peter Mattis walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, na kutolewa kwa umma mwaka 1996. Hailipiwi, na ikishawekwa katika kompyuta haihitaji intaneti. Photoshop, ambayo ni ya tangu mwaka 1990 na yajulikana zaidi, yaweza kufanya kazi zote tutakazozitaja, lakini hulipiwa. Kwa kuwa maandishi ya GIMP hayapatikani kwa Kiswahili, tuliwafundisha watoto vitufe vya kibodi badala ya majina ya amri, na tukaandika ubaoni kila kitufe na kazi yake kwa Kiswahili.

Jambo la kueleweka kwanza ni tabaka. Picha ya kompyuta yaweza kuwa na matabaka kadhaa yaliyolaliana, na kila moja huhaririwa peke yake pasipo kuyagusa mengine. Zamani tungetumia mifuko angavu ya plastiki kulionyesha jambo hili. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, basi tulitumia jalada angavu la kufunikia madaftari, tukalikata vipande vitatu. Kwenye cha chini tulichora duara kubwa, cha kati duara dogo, cha juu pembe za ng'ombe. Mtoto akivipandanisha aona picha moja. Akikiondoa cha juu na kuweka cha mwenzake chenye baiskeli, pindo na mji vimebaki pale pale.

Maneno hayo mawili, pindo na mji, tuliyaazima kwenye khanga. Kila mtoto amekwisha kuiona khanga ya mama yake: ina pindo lizungukalo, mji ulio katikati, na jina, yaani maandishi. Kipicha chetu kilikuwa na pindo na mji. Jina hatukulitia, kwa sababu ya usalama tuliyokwisha kuieleza, na kwa sababu nyingine itakayoonekana katika hesabu.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwa Ctrl na N tulifungua picha mpya yenye pikseli 512 kwa 512. Kwa Ctrl, Shift na N tuliongeza tabaka jipya lenye uwazi. Herufi E huleta kifaa cha kuteua duara. Mtoto akianza kuburuta kisha akashika Shift, duara halipindi. Duara la kwanza lilijaa picha nzima, upana pikseli 512, nalo likatiwa rangi ya pindo. Katika tabaka la pili duara likawa la upana wa pikseli 432, likatiwa rangi ya mji. Tofauti ni 80, nusu yake 40. Basi pindo limepata unene wa pikseli 40 pande zote. Mapambo ya pindo yalipigwa kwa brashi, herufi P, tukitumia uchoraji wa ulinganifu uliomo katika GIMP tangu toleo la 2.10: mtoto hutia nukta moja, na kompyuta hutia nyingine saba kuzunguka kitovu. Furaha ya hapo ilikuwa kubwa kiasi kwamba tulilazimika kuweka kikomo cha nukta.

Tabaka la tatu ndilo la alama. Mtoto alichora alama yake kwa kalamu nyeusi nene juu ya karatasi nyeupe, mwalimu akaipiga picha kivulini, ikafunguliwa kama tabaka kwa Ctrl, Alt na O. Kwa amri iliyo katika orodha ya rangi tuliigeuza kuwa nyeusi na nyeupe tupu, tukateua weupe wote kwa Shift na O, tukaufuta. Hapa walimu wengi watakwama kama tulivyokwama sisi kwa nusu saa nzima, watoto wakitusubiri kwa adabu: weupe unafutwa na weupe unabaki. Sababu ni kwamba picha itokayo kwenye kamera haina uwazi ndani yake, kwa hiyo ukifuta, kompyuta hutia rangi ya usuli mahali palipofutwa. Sharti tabaka liongezewe uwazi kwanza, kwa amri iliyo katika orodha ya tabaka. Ndipo kufuta kutaacha tundu, na mji ukaonekana kupitia tundu hilo.

Ilikuwa dhahiri kwamba watoto 64 hawawezi kupitia hatua zote hizo. Kwa sababu hiyo kila kundi lilitengeneza pindo na mji mmoja, na kila mtoto akaweka alama yake juu ya kiolezo cha kundi lake na kuchagua rangi ya alama. Kwa dakika 4 kila mmoja, watoto 64 huhitaji dakika 256, yaani zaidi ya saa 4, nayo betri yetu haikuwa ikifika saa 3. Tuligawa kazi katika siku tatu, kompyuta ikichajiwa kila jioni katika duka moja lenye sola.

Hesabu ya vitu vitakavyopotea

Sehemu hii ndiyo tuliyoipenda kuliko zote, na mwalimu wa Hisabati aweza kuidai iwe yake.

Picha ya pikseli 512 kwa 512 ina pikseli 262,144. Katika orodha ya majina ndani ya simu kipicha hicho chaweza kuonyeshwa kwa ukubwa wa pikseli kama 48 kwa 48, yaani 2,304 tu. Kila pikseli iliyobaki inazisimamia karibu pikseli 114 za mwanzo. Kundi moja lilikuwa limechora ndani ya pindo mstari mwembamba wa pikseli 4, wakijivunia wembamba wake. Tuliwapa hesabu: 4 mara 48, gawanya kwa 512. Jibu ni 0.375. Mtoto mmoja aliuliza, "Mwalimu, kuna kitu cha pikseli nusu?" Hakipo, kompyuta huchanganya rangi ya mstari na ya jirani zake, na mstari ukawa kivuli tu. Pindo la pikseli 40, kwa hesabu hiyo hiyo, hubaki na 3.75, nalo huonekana. Herufi za jina, ambazo viungo vyake ni vyembamba, zingepotea pamoja na ule mstari. Tuliwaambia watoto wapunguze nakala ya picha hadi 48 na kuitazama kabla ya kusema wamemaliza. Waliorudi kunenepesha michoro yao walikuwa zaidi ya nusu ya darasa, na hapakuwa na haja ya kumkosoa hata mmoja.

Vilevile watoto wajue kwamba programu nyingi za simu hukata picha ya mraba kuwa duara. Duara kubwa kuliko yote liingialo ndani ya mraba huchukua kiasi cha asilimia 79 ya eneo lake. Pembe nne, ambazo ni asilimia 21, huenda na maji.

Juu ya kuhifadhi tutasema machache. Kazi inayoendelea ihifadhiwe kwa umbo la GIMP lenyewe, ambalo huyatunza matabaka; iliyokamilika itolewe kwa Shift, Ctrl na E katika umbo la PNG, ambalo hutunza uwazi wa pembe. Umbo la JPEG halina uwazi, na atakayelitumia ataona pembe nyeupe kuzunguka duara lake. Majina ya mafaili yawe namba, si majina ya watoto, na daftari linaloonyesha namba ipi ni ya nani libaki kabatini kwa mwalimu mkuu.

Namna ya kutathmini

Mwalimu mwanafunzi alitaka kutoa alama kwa uzuri. Tulimshauri atumie jaribio jingine: kipicha kilichopunguzwa hadi 48 kionyeshwe darasani bila jina, na wenzake wamtambue mwenyewe. Hakikutambuliwa, kirudishwe kwa mwenyewe aamue kama atakinenepesha, atabadili rangi, au ataridhika hivyo hivyo; wapo watoto wasiopenda kutambuliwa upesi, na hiyo ni haki yao. Kipicha cha kinyonga hakikutambuliwa na mtu mara ya kwanza. Mwenyewe alicheka sana, akasema kiachwe kilivyo.

Cha ndoo kilitambuliwa mara moja. Tulikuwa tumedhani ndoo ni kwa sababu ya kuteka maji, tukamhurumia moyoni. Wenzake walitusahihisha: ndiye kipa wa timu ya wasichana, na ndoo mbili ndizo goli lao.

Vipicha vyote 64 vilichapwa kwa rangi mjini Bariadi kwenye karatasi mbili, 32 kila moja, vikakatwa na kubandikwa juu ya majalada ya madaftari. Ikiwa mwalimu hana fedha ya kuchapa kwa rangi, achape kwa nyeusi na watoto watie rangi kwa penseli. Ila ahakikishe kwanza kwamba rangi ya alama na rangi ya mji hazitoki na weusi ule ule, kama zilivyotoka nyekundu na kijani za kundi letu la tatu tulipojaribu, wakalazimika kuanza upya asubuhi ya siku ya mwisho, gari la chuo likiwa limekwisha kuwasha.